Mkalimani Hana Kinywa

Benchi la kijiwe cha Mama Véro, pale Nyakasanza, halikuzaliwa kijiweni. Lilikuwa benchi la mashahidi. Mahakama moja ya zamani ilipoporwa, kila mtu alibeba alichoweza: huyu mlango, yule feni isiyo na mapanga, na Mama Véro, aliyechelewa kwa kuwa alikuwa na birika motoni, akakuta limesalia benchi tu, akajitwisha. Tangu hapo liko mbele ya duka ambalo mwenye nalo alikimbia na funguo. Ni benchi la ajabu kidogo. Mtu akishalikalia anakuwa na uhakika na kila kitu. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Ituri, na watu wa Bunia walikuwa wamejifunza kunywa kahawa kwa sikio moja, la pili likiwa barabarani. Lakini walikunywa, tena walibishana, kwa sababu asiyebishana hubaki nyumbani na hofu yake, na hofu haina adabu.

Siku ile Eugène alifika wa kwanza, akakaa pembeni kabisa, karibu na ukuta. Kijiweni walimwita Diksionere, yaani Kamusi, kwa kuwa alijua Kifaransa, Kilingala, Kiswahili na Kibila cha kwao, na ukikosea neno anakurekebisha hapo hapo. Siku ile hakumrekebisha mtu. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alitakiwa mbele ya komisheni ya mizozo ya ardhi awe mkalimani katika kesi ya mtu wa msituni, Mmbuti mmoja, Asumani, aliyemshitaki mzee Hubert kwa kuuza msitu wa watu wake kwa mkata mbao. Mzee Hubert alikuwa baba yake Eugène. Walilala nyumba moja, wakala sahani moja, na tangu Jumapili hawakuwa wametazamana usoni.

— Diksionere, unakunywa ao unaangalia tu? Mama Véro aliuliza.

— Nakunywa, Mama.

— Unakunywa kitu gani? Hata sijakumiminia.

Kabla hajapata jibu, wenzake wakatokea. Mbele alikuwa Maître Bic, jina lake Anaclet. Hakuwa wakili hata siku moja. Alifagia ofisi ya karani miaka kumi na moja, na sheria zikamwingia pamoja na vumbi. Siku hizi alikuwa akiinakilia komisheni karatasi zake kwa mkono, maana mashine ya kuandika nayo ilikuwa imebebwa. Nyuma yake alikuja Vital, anayeitwa Kilo, mchimba dhahabu aliyekimbia Mongbwalu na mzani wake mfukoni na hakuna kingine. Wa mwisho Théodore, yaani Satelite, dereva wa lori la njia ya Komanda mpaka siku lori lilipopata madereva wengine wenye bunduki.

Maître Bic alikunjua karatasi juu ya magoti.

— Hii ndiyo sheria ya kesho. Artikle kumi na ine. Nimekopia yote na mukono yangu, mupaka kidole ikavimba.

— Soma, Kilo alisema. Siye tutatafsiri.

— Artikle ya tatu. Mwenye kushitaki lazima akuwe na adrese ya kudumu.

— Mumbuti iko na adrese?

— Iko, Satelite alidakia. Kilometa makumi tano na moja, muti ya tatu, gonga gome.

Walicheka. Eugène alicheka nao.

— Komisyoni ilipata dawa, Maître Bic alisema. Waliandika: Asumani, kwa Hubert.

— Kwa Hubert? Ule mwenye anamushitaki?

— Sasa waandike wapi? Tangu wakati ya ukoloni ya Babeleji, Mumbuti anaandikwaka kwa mwenye kijiji yake. Hata karatasi ya kumuita, walimupa Hubert amufikishie.

— Kumbe mushitakiwa ndiye anabeba barua ya mushitaki!

— Desturi ni desturi, Satelite alisema. Bazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo mezali inaingia wapi hapa? Mama Véro aliuliza.

— Itaingia tu, Mama, usiisukume.

Eugène aliijua barua ile. Aliiona juu ya meza ya baba yake siku nne, chini ya kopo la chumvi, na akaanza kuamini kwamba haitaondoka kamwe. Siku ya tano akaichukua mwenyewe, akampa dereva wa baiskeli anayekwenda Komanda. Hakumwambia baba yake. Hakumwambia mtu yeyote, na hata yeye mwenyewe hakujiuliza kwa nini aliipeleka. Labda alitumaini itapotea njiani, apate kusema alijaribu.

— Artikle ya sita, Maître Bic aliendelea. Mumbuti atasema luga yake, mukalimani atageuza. Mukalimani ataapa haongezi neno, hapunguzi neno.

— Ndiyo kazi yako hiyo, Diksionere! Kilo alimpiga goti. Lakini weye mutoto ya Hubert. Walikubali namna gani?

— Artikle ya sita alinea ya pili, Maître Bic akajibu kwa niaba yake. Mukalimani asikuwe na faida mu ile kesi. Zuzi, mwenye kukata kesi, akamuuliza Hubert: mutoto yako iko na faida? Hubert akasema, hapana. Ikaandikwa.

— Walimuuliza Hubert!

— Sasa wamuulize nani? Ndiye alikuwa mule ndani.

— Na ya saba? Eugène aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

— Ya saba: mwenye kukuwa mukalimani hawezi kukuwa shahidi mu ile ile mambo.

Hiyo ndiyo Eugène aliyotaka kuisikia tena. Alikuwa ameishika kichwani wiki nzima na kuisema usiku kama sala. Artikle ya saba ilikuwa paa lake. Baba yake, alipomwambia atakuwa mkalimani, alimshika bega na kusema kwa upole ambao si wa kawaida yake: “Mukalimani haiko na kinywa yake. Utasema tu ile batasema.” Eugène akashukuru, ndiyo, alishukuru kabisa, maana kulikuwa na jambo moja alilolijua na hakutaka liulizwe.

Jambo lenyewe ni hili. Alipokuwa na miaka kumi alipelekwa nkumbi, kambi ya jando, pamoja na watoto wa Kimbuti, kama Wabila wa njia ile walivyofanya siku zote. Yeye na Asumani walipita kisu kimoja, siku moja, mmoja baada ya mwingine, na waliotoka hivyo huitana kare mpaka kufa. Walipopona, babu yake Eugène aliwachukua wawili hao, pamoja na baba yake Asumani, mpaka kijito cha Apudo. Akachanja gome la mti kwa panga. Akasema, huku ni mashamba yetu, kule ni kwa hawa. Atakayeuza kule ameuza damu ya watoto hawa. Baba yake Eugène hakuwepo, alikuwa anafanya kazi Kisangani. Babu alikufa. Baba yake Asumani alikufa. Waliosikia maneno yale na bado wanapumua ni wawili tu, na mmoja wao ndiye mshitaki.

Sasa baba yake alikuwa ameuza kule, na mkata mbao alikuwa na mashine tatu za kukatia na marafiki wenye silaha. Kesi ikianguka kesho, Jumatatu miti inaanza kulala chini. Kesi ikisimama, ni nani atakayemlinda mzee Hubert na hao marafiki? Na aliyesema dhidi yake?

— Miye nauliza juu ya kuapa, Kilo alisema. Huyu Mumbuti ataapa juu ya nini? Biblia haijui.

— Wengine wanajua, Eugène alisema. Kuko wenye kubatizwa.

— Hata. Siye kule Mongbwalu, mutu akiibia mwenzake, anaapa juu ya kinywa ya shimo. Akisema bongo, akidanganya, shimo inamumeza wiki ile ile. Komisyoni ichimbe shimo ndani ya sale, pale wanasikilizia kesi. Metre tatu inatosha.

— Ndani ya sale? Maître Bic alishituka. Artikle gani?

— Artikle ya shimo! Zuzi akae huku, Hubert kule, shimo katikati. Mwenye atatetemeka ndiye mwongo.

— Na zuzi akianguka?

— Kama anaanguka, alikuwa amekula kitu.

Satelite alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayewahurumia wenzake.

— Munapoteza saa. Ile kesi haiwezi kusikilizwa hapa Bunia. Shahidi ya Mumbuti ni miti. Miye nimepita ile njia miaka nane. Ukimuuliza Mumbuti hii pori ni ya nani, hakujibu na kinywa. Anakupeleka, anakuonyesha: hapa baba alipanda kuvuna asali, hapa mama alizaa. Sasa artikle ya miti iko wapi?

Maître Bic alitazama karatasi.

— Kuko ya “vitu vya kuonyesha.” Viletwe sale mbele ya saa mbili.

— Basi! Muti uletwe.

— Kwa kuuleta itabidi kuukata, Mama Véro alisema.

— Ukatwe, uletwe, zuzi auone, aseme: ni kweli, huu muti ulikuwa ya Asumani. Haki inapatikana.

— Na muti?

— Muti utakuwa umeshinda kesi.

Kilo alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Eugène hakuweza. Alikuwa anaona mti ule wenye chanjo ya panga. Alijiuliza kama chanjo ilikuwa bado ipo, au gome limekwisha kufunga, na kama limefunga, je, hapo yeye amepona?

— Lakini miye naona ingine, Satelite alisema, na safari hii alishusha sauti. Wote wakainama bila kujua, naye akaendelea: Hii komisyoni haiko ya udongo. Ni ya majina. Angalia ile karatasi: jina, baba, kijiji, kabila. Nani leo anaandika kabila na inaishia vizuri? Kesho mutaandikwa wote, mushitaki, mushitakiwa, mukalimani. Leo karatasi iko na hawa wenye kushika muji. Mwezi ijayo hawa bakikimbia, karatasi itakuwa na nani?

Maître Bic alikunja karatasi mara moja, kisha mara ya pili, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika kaa la moto kwa heshima. Ndipo upande wa mtaa wa Mudzipela ukasikika mlio mmoja, kisha mwingine. Mama Véro alifunika birika kwa kifuniko, na wote wakahesabu kimya. Baada ya miwili haukuja wa tatu.

— Pengine ni mulango, Kilo alisema.

— Mulango, Maître Bic alikubali.

— Damu nzito kuliko maji, Satelite alisema, na hakuna aliyemuuliza inaingia wapi.

Maître Bic alijikohoza, akakunjua karatasi tena, akamsogezea Eugène pamoja na kalamu.

— Diksionere, tia sinyatire hapa, pa mukalimani. Mbele ya saa kumi na moja nirudishe, sababu nyuma ya ile saa sitembei.

Eugène alishika kalamu. Ni sahihi tu. Alikuwa ameitia mara mia kwenye karatasi za shule, za kodi, za ubatizo wa watoto.

— Lakini miye nasikia huruma, Kilo alisema. Mutu anatoka mbali vile, na hawezi kusikia hata “keti” ao “simama.” Bila weye, atakuwa kama jiwe mule ndani.

— Kibila peke anajua? Mama Véro alimuuliza Eugène. Hata Swahili kidogo hapana?

Hapo ndipo Eugène alipaswa kusema. Asumani alijua Kiswahili tangu wakiwa watoto. Alikijua sokoni, njiani, kanisani, alikiimba. Karani wa komisheni alimuuliza mzee Hubert, na mzee Hubert akasema anajua “kidogo, kama kasuku.” Eugène alikuwa amesimama pembeni, kamusi nzima ya mji, na hakurekebisha. Kwa sababu Asumani akijua Kiswahili, hahitaji mkalimani. Na pasipo mkalimani, Eugène anabaki kuwa nani?

— Kidogo, alisema. Akainamia kikombe.

Alikuwa hajakiinua kichwa aliposikia hodi.

— Hodi hapa. Muko wazima?

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni kwa ajili ya mji, miguu myekundu kwa vumbi la njia ya Komanda. Mkononi alikuwa na barua iliyokunjwa ndani ya jani. Barua bado ilikuwa na duara la kopo la chumvi.

— Karibu, karibu, walisema wote.

— Nimeambiwa hapa nitapata kare yangu Eugène. Nimetembea siku tano, na bariere saba za basoda barabarani. Kare, haunijue tena?

Eugène aliweka kalamu, akainuka, wakashikana mikono, kisha mabega. Asumani alikuwa na harufu ya moshi, ile ile. Eugène alitaka kulia na alitaka kukimbia, na hakuweza hata kimoja mbele za watu, akarudi kuketi. Asumani hakusubiri benchi. Alichuchumaa chini karibu na jiko, na Mama Véro akampa kikombe.

— Asante, Mama. Iko na tangawizi. Ni muzuri.

Kilo aliangalia Satelite, Satelite akaangalia Maître Bic, na Maître Bic akaangalia artikle ya sita.

— Papa, Maître Bic alisema pole pole, akitenga kila neno kama anayemwambia kiziwi. Weye. Unasikia. Swahili?

Asumani alimtazama kwa mshangao.

— Siye tunaongea nini sasa hivi, Papa?

Mama Véro aligeuza uso pembeni. Kilo alianza kucheka, akaacha, maana aliona uso wa Eugène.

— Ni sababu komisyoni imekutafutia mukalimani, Maître Bic alisema. Ni huyu. Diksionere. Ee... Eugène.

— Mukalimani ya nini?

— Ya kugeuza maneno yako.

— Igeuke iende wapi?

Maître Bic alimsomea artikle ya sita, na ya saba pia kwa kuwa alikuwa amezoea kuzisoma pamoja. Asumani alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Ya saba aliomba asomewe tena. Kisha akauzungusha mkono wake juu ya kikombe, na alipozungumza hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ingekuwa rahisi.

— Barua ilisema nikuye na shahidi. Nikawaambia bale bandugu kule kambi: musiogope, musihame, shahidi iko Bunia, iko na masomo, tulipita kisu moja. Bamama banangoja. Batoto banangoja. Nimewaambia hivi.

Barabarani gari la wazi lilipita limejaa vijana na bunduki zao, wote wakatazama magurudumu yake tu, kama inavyofaa, mpaka likapinda.

— Sasa nifahamishe pole pole, kare, Asumani alisema. Miye siko mutu wa artikle. Kesho baba yako atasema, utageuza. Miye nitasema, utageuza. Zuzi atauliza, utageuza.

— Ndiyo, Eugène alisema.

— Ni muzuri. Na weye, utasema saa ngapi?

Maître Bic alitafuta. Alitafuta kweli, masikini. Kidole chake kilichovimba kilishuka artikle moja moja mpaka ya kumi na nne, akageuza karatasi, na nyuma kulikuwa kweupe. Kilo alitoa mzani wake, akautazama, akaurudisha mfukoni. Satelite alifungua mdomo kwa mithali, ikakataa kuja. Eugène alikuwa na lugha nne, na kila moja aliyoigusa ilikuwa na neno la baba.

Mama Véro aliinamisha birika. Lilitoa matone mawili, kisha machicha.

— Kahawa imeisha. Na saa inakimbia. Kila mutu kwake.

Waliinuka mmoja mmoja, bila ile kelele ya kuagana. Kilo alimgusa Asumani bega. Maître Bic alisitasita, akaiacha karatasi isiyo na sahihi juu ya benchi, na kalamu juu ya karatasi isipeperuke.

— Nitapita kuichukua, alisema. Niko na nusu saa.

Eugène hakuinuka. Baba yake alikuwa nyumbani akimngoja kwa chakula. Asumani aliyatazama yale mapengo marefu waliyoyaacha wengine kwenye benchi, akasimama, akajifuta vumbi la suruali kwa kiganja. Akakaa benchini karibu na kare wake, taratibu, kama mtu asiyejua kama linamruhusu. Akakishika kikombe kitupu kwa mikono miwili, akangoja jibu.